Kidonda cha Mdomoni Kikipita Wiki Mbili

Wadogo zangu wa Musoma, Bunda na Butiama, leo tuongee kuhusu kinywa. Mtu akiwa na kidonda mdomoni, mara nyingi husema, "Dada, lakini hakiumi." Basi sikieni: saratani ya kinywa ikiwa changa mara nyingi haiumi. Maumivu huja baadaye, na anayeyasubiri huwa amechelewa.

Kidonda cha kujing'ata au cha kuungua na chai kwa kawaida hupona ndani ya wiki mbili. Kikizidi hapo, usiendelee kusukutua maji ya chumvi wala kubadilisha dawa za dukani. Nenda hospitali.

Dalili nyingine za kukupeleka huko ni doa jeupe lisilofutika, au jekundu. Uvimbe shavuni au chini ya ulimi. Damu isiyo na sababu. Ganzi ya mdomo. Jino kulegea lenyewe. Kumeza kwa shida. Na tezi ya shingoni isiyonywea.

Kujikagua hakuna gharama. Nawa mikono, simama na kioo penye mwanga. Funua midomo, vuta mashavu, tazama fizi na kaakaa. Toa ulimi, uangalie pande zote mbili, kisha uuinue uone chini yake, maana huko saratani hupenda kujificha. Malizia kwa kupapasa shingo.

Wakagueni na wazee. Bibi anayeweka ugoro mdomoni yumo hatarini ingawa havuti moshi. Babu anayechanganya sigara na gongo yumo zaidi, kwa sababu tumbaku na pombe zikikutana huongezeana nguvu. Zungumza nao kwa heshima, usiwakaripie.

Nawe mama mwenye watoto, sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tuna saratani ya taya inayowapata wadogo: limfoma ya Burkitt. Imepewa jina la daktari Denis Burkitt, aliyeandika habari zake mwaka 1958 akifanya kazi Uganda, na inahusishwa na malaria ya mara kwa mara. Taya huvimba, meno hulegea, watu wakadhani ni jino bovu la kung'olewa. Hii usiisubirishe hata hizo wiki mbili, kwani hukua haraka sana. Lakini ikiwahiwa, husikia dawa vizuri na watoto wengi hupona.

Muanzie wapi? Kwa daktari wa kinywa na meno. Kazi yake si kung'oa tu. Ndiye anayeijua ngozi ya mdomo. Mtafute katika hospitali ya wilaya, au Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, Musoma. Akiwa na shaka, atakata kinyama kidogo kikapimwe. Msiogope: kukatwa huko hakusambazi saratani, na bila kipimo hicho hakuna anayeweza kuithibitisha. Ikionekana, hospitali ya Bugando pale Mwanza wanatibu saratani, hivyo si lazima safari ya Dar es Salaam.

Ukifika, usione haya, wala usiseme tu "nasumbuliwa na meno." Sema hivi: "Daktari, nina kidonda hapa, kimezidi wiki mbili, naomba unichunguze kama ni saratani." Ukiambiwa si saratani, umerudi na amani. Ukiambiwa ndiyo, umewahi, na kuwahi ndiko kunakookoa.