SOMO: Mgonjwa Akionekana Amepona, Kwa Nini Apimwe Tena?



Wahudumu wa afya wa sharika za Handeni na Korogwe hutuuliza mara kwa mara: mgonjwa wa saratani ya damu akirudi nyumbani na nguvu zake, tumbo limenywea, kwa nini daktari anamwita tena kila baada ya miezi 3? Nauli ya Dar es Salaam si ndogo, hivyo swali hili linastahili jibu.

1. Chanzo cha ugonjwa

Tunazungumzia saratani sugu ya damu, kwa kifupi CML. Dalili zake ni uchovu, kukonda, jasho la usiku na bandama kuvimba, hivyo hudhaniwa kuwa malaria, kifua kikuu au kurogwa. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, huko Philadelphia, Marekani, waligundua kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika seli za wagonjwa. Mwaka 1973 Janet Rowley alionyesha kuwa vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 vimebadilishana nafasi. Ndipo jeni mbili, BCR na ABL, huungana na kuiamuru seli izaliane bila kikomo. Hitilafu hii hairithiwi wala haiambukizi.

2. Matibabu

Zamani tumaini kubwa la kupona kabisa lilikuwa kupandikizwa uloto wa mtu mwingine. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 tu kati ya 4 ya kulingana na mgonjwa. Tangu mwaka 2001 vipo vidonge vya imatinibu, vinavyozuia amri ya jeni hiyo. Humezwa kila siku. Kupandikiza kumebaki kwa wale ambao dawa zimeshindwa kuwasaidia.

3. Kipimo cha vinasaba

Mkulima anakijua kiduha. Shamba likipaliliwa huonekana safi, lakini mbegu zake, ndogo kama vumbi, hubaki ardhini miaka mingi. Ndivyo ilivyo kwa saratani hii. Darubini huiona seli mbaya zikiwa nyingi, lakini kipimo cha PCR hurudufu alama ya jeni iliyoungana na kuweza kugundua seli 1 kati ya 100,000. Hata aliyepandikizwa uloto hupimwa hivyo, ili ugonjwa ukianza kurudi ujulikane kabla ya dalili.

Mashine ya GeneXpert, tunayoifahamu kwa kupima kifua kikuu, huweza kufanya kipimo hiki ikiwekewa katriji yake maalumu. Madaktari hutarajia kiwango kishuke hadi asilimia 10 au chini baada ya miezi 3, na asilimia 0.1 au chini ifikapo mwaka 1. Kisiposhuka, huchunguza kama dawa inamezwa sawasawa, au huibadilisha.

4. Tufanye nini?

• Tumhimize mgonjwa asiache dawa kwa sababu anajisikia vizuri. Wapo ambao daktari huwasimamishia dawa baada ya miaka ya majibu mazuri, lakini huendelea kupimwa. Huo si uamuzi wa nyumbani.
• Tarehe ya kliniki ijulikane kwa familia, na nauli ianze kuchangwa mapema.
• Mwenye bandama lililovimba apelekwe hospitali kupimwa damu, asichanjwe chale.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Katika mtaa wetu, nini humfanya mgonjwa aache dawa?
2. Jumuiya yetu inaweza kumsaidiaje afike kliniki kila baada ya miezi 3?