Ndoo ya mahindi nayo ni matokeo

Mdogo wangu wa Arumeru, barua yako niliisoma usiku, nikairudia asubuhi kabla ya chai. Unasoma shahada ya uzamili, kemia ya mazingira. Uligawa ndoo za machujio ya mkaa wa mifupa kijijini ili kupunguza floraidi kwenye maji ya kunywa. Uliporudi baada ya miezi mitatu, ndoo moja ilikuwa imejaa mahindi, nyingine imefunikwa kanga, kavu kabisa. Msimamizi anataka uandike vipimo vya maabara tu, hayo mengine si kemia. Unaniuliza kama uyafute.

Usifute hata mstari.

Kwa wenzako wanaotusoma: maji ya Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na chemchemi nyingi za kuzunguka Mlima Meru zinapita kiwango hicho. Mtoto anayeyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanaumbika huja kuota meno yenye madoa ya kahawia. Akiendelea miaka mingi, mifupa nayo hudhurika. Kuchemsha hakusaidii, maana mvuke huondoka na floraidi hubaki chunguni. Madini yanayojenga mfupa ndiyo huinasa, na ndiyo sababu kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Tanzania, na Jimbo Katoliki la Nakuru kule Kenya, walihangaika na mkaa huo kwa miaka.

Sasa, yule mama wa kwenye barua yako, aliyekuambia maji yananuka supu ya jana, alikupa taarifa ya tanuri lililochoma mifupa. Mfupa usipoiva vizuri kwenye moto, maji hunuka na kubadilika rangi. Ukizidishiwa moto, uwezo wake wa kunasa floraidi hushuka. Hiyo ni sayansi ya nyenzo, na imetoka kwenye pua ya mama huyo. Na jirani yake aliyeuliza mifupa ni ya mnyama gani na nani alimchinja, je, ulimjibu? Kuna nyumba ambazo jibu hilo ndilo huamua kama maji yatanyweka.

Nakuambia haya kwa uchungu. Nikiwa msichana niliajiriwa kama msaidizi wa utafiti kwenye mradi wenye ndoo kama zako. Dodoso letu lilikuwa na swali moja la matumizi: unatumia chujio, ndiyo au hapana? Wote walisema ndiyo, maana mgeni hakatishwi tamaa. Siku ya mwisho mvua ikanizuia jikoni kwa bibi mmoja. Alichota maji ya kwenye chujio, akainjika makande, kisha akatoa bonge la magadi kwenye kikopo, akalikwangua kwa kisu na kutia chunguni ili mahindi yaive upesi. Magadi nayo yana floraidi. Alichokiondoa ndooni alikirudisha chunguni mbele ya macho yangu, na dodoso halikuwa na pa kukiandika. Ripoti ikasema machujio yanatumika.

Kwa hiyo fanya hivi. Chota mkaa kwenye ndoo ya mahindi na kwenye ile inayotumika, upime sampuli zote mbili, kisha uwaombe wa maabara ya nyenzo wakuangalizie muundo wa mkaa huo kwa eksirei. Pima magadi ya kila jiko. Tafuta msimamizi mwenza wa anthropolojia au sosholojia, na urudi kwenye kamati ya maadili uombe kibali kiongezwe, kwa sababu cha kwanza kilikuwa cha maji. Mazungumzo na watu yanahitaji ruhusa yake. Hili usilicheleweshe, maana wengi hulichelewesha sana.

Msimamizi wako usibishane naye. Mpelekee jedwali moja: kaya, mkaa umetoka tanuri lipi na kwa joto gani, malalamiko ya harufu, chujio linatumika au la. Akiona malalamiko yanafuata joto la tanuri, ataona kemia yake mwenyewe.

Kisha rudi kijijini bila dodoso. Nenda saa tisa alasiri, makande yanapoinjikwa, ukae kwenye kigoda na uombe kuchambua mahindi. Uniandikie ulichokiona kikiingia chunguni.