SOMO: MTAMBO WA POVU LA HEWA, TUUJUE KABLA YA KUUPOKEA



Mwezi Agosti 2009 moto uliteketeza bweni la Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, na wasichana 12 wakafariki. Tangu hapo hatujawahi kukaa kikao cha mabweni bila suala la moto kuibuka. Sasa marafiki zetu wanataka kutupatia mtambo wa povu la hewa, ule wa kuvutwa kwa trela, kwa ajili ya shule zilizo mbali na kituo cha zimamoto. Tunashukuru sana. Hata hivyo, kamati itakayotia saini ya kuupokea ni vema ielewe kwanza unavyofanya kazi.

Shida yetu kubwa ni maji. Tangi la lita 1,000 likipigwa kwa mpira wa kawaida huisha kwa dakika chache, na maji mengi hutiririka ukutani bila kupoza kitu. Huko Texas, Marekani, watu wa idara ya misitu walikutana na shida hiyo hiyo kwenye moto wa nyasi miaka ya 1970, wakauendeleza mtambo wa aina hii. Pampu husukuma maji, dawa ya povu huchanganywa humo, kisha kompresa huingiza hewa kabla mchanganyiko haujaingia kwenye mpira. Kwa moto wa mbao, nguo na magodoro, dawa inayotakiwa mara nyingi ni asilimia 0.3 hadi 0.5, yaani lita 3 hadi 5 kwa tangi hilo. Povu likitanuka mara 10, tunapata lita 10,000 za povu. Kila mama anayefua anajua kwamba maji ya sabuni hupenya kitambaa upesi kuliko maji matupu. Povu nalo hupenya hivyo hivyo, tena hung'ang'ania ukuta na dari.

Mtambo huanzishwa kwa maji, ikafuata dawa, hewa ikawa ya mwisho. Kuuzima ni kinyume chake: hewa hufungwa kwanza, kisha dawa, kisha maji. Wenzetu waliozoea pampu za visima huliona hili jambo dogo. Dawa ikikosekana, hewa na maji havishikamani. Hupita kwenye mpira kwa zamu, mpira unarukaruka na unaweza kumwangusha aliyeushika. Kwa hiyo dawa ikiisha katikati ya kazi, funga hewa mara moja na uendelee na maji. Koki ya mbele nayo ifunguliwe polepole, maana hewa iliyobanwa hutoka kwa kishindo.

Hewa ikiwa nyingi povu huwa kavu, jeupe kama pamba, na linafaa kupakwa kwenye jengo la jirani lisishike moto. Wanaojifunza hulipenda kwa sababu linapendeza macho. Godoro linalowaka linahitaji povu la majimaji.

Mpira wa milimita 38 wenye urefu wa mita 30 ukijaa maji hubeba takriban kilo 34. Ukiwa na povu ni mwepesi zaidi, na hata mwalimu wa kike au mlinzi mzee anaweza kuuburuta. Lakini wepesi huo una gharama yake. Maji yakiwa machache ndani, mpira hustahimili joto kidogo. Desemba 2005 mjini Tübingen, Ujerumani, mpira wa povu la hewa ulipasuka katika moto wa nyumba, na askari wawili wa zimamoto walifariki katika moto huo. Hao walikuwa na mafunzo na vifaa vya kupumulia. Sisi tusimwingize mtu yeyote ndani ya bweni linalowaka kwa kutegemea mtambo huu. Apige kutokea nje, umeme ukiwa umekatwa, na Jeshi la Zimamoto likiwa limepigiwa simu namba 114.

Moto wa petroli una dawa yake nyingine, na dawa mbili zisichanganywe kwenye tangi moja.

Katika makisio tutakayowaletea, fedha za kwanza ni za kuondoa nondo zisizofunguka kwenye madirisha ya mabweni na kuongeza mlango wa pili. Zinafuata za dawa ya akiba, na za kuwafundisha watu wanne kila shule, wakiwemo wawili wanaolala pale pale hata wakati wa likizo. Trela ni zawadi. Mafuta, dawa na zoezi la kila mwezi tutalipa sisi. Tunaomba kila kamati ituandikie ni nani itakaowatoa, kwa majina.