Insha ya Hoja: Je, Kibao cha Mwendo Hupunguza Mwendo wa Madereva?

Mada ya usalama barabarani huwaponza watahiniwa wengi kwa sababu wanadhani wanaijua. Mmoja huandika, "Vibao viwekwe kila mahali, ajali zitakwisha." Mwingine huandika, "Madereva hawasikii, vibao havina maana." Kauli zote mbili ni za kukurupuka. Tuone namna ya kujibu kwa ushahidi.

Swali: "Kuweka ukomo wa mwendo katika barabara kuu kunatosha kupunguza mwendo wa madereva." Jadili.

Hatua ya 1: Soma swali kwa makini

Neno la kupigia mstari ni "kunatosha". Huulizwi kama kibao kina faida. Unaulizwa kama kinatosha peke yake. Mtahiniwa asiyeliona neno hilo huandika kurasa mbili nje ya swali.

Hatua ya 2: Kusanya hoja za pande zote

*(a) Kibao kina nguvu.* Mwaka 1974, baada ya mafuta kuadimika, Marekani iliweka ukomo wa maili 55 kwa saa, yaani takribani kilomita 88, nchi nzima. Madereva walipunguza mwendo na vifo vya barabarani vilipungua, ingawa uhaba wa mafuta nao ulipunguza safari.

*(b) Nguvu hiyo ina mipaka.* Huko huko Marekani, miaka ilivyopita, madereva wengi walizoea kuuvuka ukomo huo, na mwaka 1995 ukafutwa. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba ukomo ukishushwa kwa kilomita 10 bila kubadili kitu kingine, mwendo wa wastani hushuka kwa kilomita 2 au 3 tu. Sababu ni kwamba dereva huisoma barabara pia. Ikiwa pana na imenyooka, mguu wake huzidi kukanyaga mafuta.

*(c) Usimamizi hukipa kibao uzito.* Bila shaka umewahi kuona haya ukiwa ndani ya basi. Gari linalokuja mbele linawasha taa kuashiria kuna askari wa tochi. Dereva wako anashuka hadi 50. Akishapita, anakanyaga mafuta tena. Kibao kilikuwapo muda wote. Kilichobadilika ni hofu ya kukamatwa. Ndiyo maana Kenya, mwaka 2004, ililazimisha matatu kufungwa vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa, na hapa Tanzania LATRA hufuatilia mabasi ya mikoani kwa mfumo wa VTS. Tochi hukaa mahali pamoja, lakini mfumo huo husafiri na basi.

*(d) Hata punguzo dogo lina thamani.* Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa takribani asilimia 4. Piga hesabu mwenyewe. Gari la mwendo wa 50 hupita karibu mita 14 kwa sekunde. La mwendo wa 80 hupita mita 22. Mwanafunzi akiingia barabarani ghafla, dereva huhitaji walau sekunde moja kabla ya kugusa breki. Katika sekunde hiyo, tofauti ni mita 8, karibu urefu wa darasa lako.

Hatua ya 3: Chukua msimamo

Usimalize kwa kusema "pande zote zina ukweli" kisha ukaweka kalamu chini. Hitimisho lako linaweza kuwa hivi:

"Kwa ujumla, ukomo wa mwendo ni wa lazima lakini hautoshi. Kibao humwambia dereva mwendo unaotakiwa. Matuta, tochi na vidhibiti mwendo ndivyo humfanya atii hata pale asipotaka. Kijiji kilichowekewa kibao pekee bado hakijalindwa."

Zingatia: Takwimu moja unayoielewa ina thamani kuliko tano ulizokariri. Ukiitaja, eleza mara moja inathibitisha nini.

Zoezi

1. Kwa nini hoja (a) na (b) zimetumia mfano wa nchi moja?
2. Andika aya moja ya kupinga kauli hii: "Matuta yanatosha, vibao viondolewe."
3. Chunguza barabara iliyo karibu na shule yako. Kisha andika insha ya maneno 250 hadi 300 ukipendekeza hatua mbili za kupunguza mwendo wa magari hapo.