Mwanasesere wa kroshia: chagua vifaa kabla hujataja bei

Umekaa nyumbani jioni, ujumbe unaingia. Mtu ameona picha ya sungura uliyemfuma kwa kroshia, na anataka kama huyo kwa binti yake anayetimiza miaka miwili. Anauliza bei. Unajibu shilingi 1,200, na pesa inaingia papo hapo. Raha sana! Lakini hapo ndipo wengi wetu hujikwaa: bei imeshatajwa, pesa imeshapokelewa, na bado hujui utatumia uzi gani, utajazia nini, wala vyote vitagharimu ngapi.

Mteja anayelipa kwa simu analipa kabla ya kushika. Hawezi kubonyeza tumbo la sungura wala kuvuta jicho aone kama limekaza. Anachonunua ni neno lako. Kwa hivyo leo tujifunze kuchagua vifaa kwanza, ndipo tutaje bei.

1. Uliza nani atamshika

Hili ndilo swali la kwanza, hata kabla ya rangi. Mwanasesere wa kupamba kabati na mwanasesere wa mtoto mchanga ni kazi mbili tofauti. Mtoto wa chini ya miaka 3 hutia kila kitu mdomoni. Atanyonya sikio la sungura, atalivuta, atalala nalo, na kesho mama atataka kulifua. Vifaa vyote vinavyofuata vinategemea jibu la swali hili.

2. Uzi: pamba, akriliki au sufu?

Wengi wetu huita kila uzi wa kufumia "wuli", lakini nyingi ya hizo wuli za dukani si manyoya ya kondoo. Ni akriliki, yaani uzi wa kiwandani.

*Pamba* haina vinyweleo vingi, mishono yake huonekana vizuri, na mwanasesere hushika umbo. Inafaa sana kwa mtoto mdogo. Ubaya wake ni kwamba ni nzito kidogo, huchelewa kukauka, na mara nyingi bei yake iko juu.

*Akriliki* ni nyepesi, ina rangi nyingi na hukauka haraka. Akriliki ya bei ya chini huota vidonge vidonge ikisuguliwa, na ukiipitishia pasi ya moto inaharibika.

*Sufu halisi* ni nzuri na ina joto. Kule Njoro, Kaunti ya Nakuru, Kenana Knitters hufuma wanasesere wa wanyama kwa sufu ya kusokotwa kwa mkono, ingawa wao hutumia sindano za kufumia. Lakini sufu isiyotibiwa kiwandani hujikunja ikifuliwa kwa maji moto, na huwasha ngozi za watu wengine. Mwambie mteja mapema.

Je, umeuziwa "pamba" na una shaka? Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa kibanio juu ya sufuria yenye maji, watoto wakiwa mbali, kisha ukiwashe. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Akriliki huyeyuka na kuacha donge jeusi gumu. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Uzi wa mchanganyiko huleta dalili za mchanganyiko.

Ukishaamua, nunua madonge yote ya kazi moja kwa siku moja, na uangalie namba ya rangi kwenye lebo. Kahawia ya leo na kahawia ya mwezi ujao zinaweza kutofautiana, na mguu mmoja wa sungura ukaonekana wa sungura mwingine. Kwa rangi kali kama nyekundu na nyeusi, lowesha kipande na ukifinye kwenye kitambaa cheupe. Rangi ikitoka, usimpe mtoto.

3. Cha kujazia

Faiba ya poliesta, ile ya mito, ndiyo rahisi zaidi. Ni nyepesi, hufulika na hukauka. Sufi ya mti wa msufi ni laini lakini ikilowa hujikusanya mabonge. Pamba ya hospitali nayo hushikana na hukaa na unyevu. Vipande vya nguo humfanya mwanasesere awe mzito, mwenye manundu. Maharagwe na mchele achana navyo kabisa: vinaingiwa na wadudu, na mshono ukiachia vinakuwa hatari kwa mtoto.

Tumia sindano ya kroshia iliyo ndogo kidogo kuliko ile inayopendekezwa kwenye lebo ya uzi. Mishono inakaza, na faiba haichungulii nje.

4. Macho na nywele

Macho ya plastiki yenye kifungio nyuma yanapendeza, lakini mshono wa kroshia hunyumbulika. Mtoto akivuta kwa nguvu, jicho laweza kupita na kifungio chake. Vifungo vya shati ndiyo hatari zaidi. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, darizi macho kwa uzi. Usiweke waya mikononi, wala shanga, wala utepe mrefu shingoni. Nywele ziwe fupi na zishonewe kwa nguvu.

5. Sasa piga hesabu

Bei hizi ni za mfano tu. Weka za duka lako.

- Uzi, madonge 3 kwa sh. 150: sh. 450
- Faiba: sh. 100
- Uzi wa kudarizi: sh. 50
- Nauli ya kwenda dukani: sh. 100
- Jumla ya vifaa na nauli: sh. 700

Ukimfuma kwa saa 10 na kujilipa sh. 100 kwa saa, hiyo ni sh. 1,000. Kwa hivyo sungura huyu ni sh. 1,700, kabla ya ada yoyote ya muamala. Ile bei ya sh. 1,200 uliyotaja haraka haraka ingekuachia sh. 500 kwa saa 10, yaani sh. 50 kwa saa. Hapo ndipo mtu hushawishika kubadilisha pamba kwa akriliki kimyakimya. Na mteja akijua, harudi.

6. Andika, ndipo upokee pesa

Kabla mteja hajatuma chochote, mtumie ujumbe kama huu:

*"Asante kwa oda. Sungura atakuwa wa uzi wa pamba, faiba ndani, macho ya kudarizi kwa sababu mtoto ana miaka 2. Anafuliwa kwa mkono, maji ya vuguvugu. Bei ni 1,700. Malipo ya awali 800, baki 900 ukimpokea. Atakuwa tayari baada ya siku 10."*

Malipo ya awali yafunike vifaa vyote, ili mteja akibadili nia usibaki na hasara. Mtumie pia picha ya uzi iliyopigwa mchana nje, kwa sababu taa ya nyumba hubadilisha rangi.

Pesa za vifaa zilipe dukani kwa simu inapowezekana, na uhifadhi ujumbe wa kila malipo. Mwisho wa mwezi utaona kwenye taarifa ya akaunti yako uzi umekula ngapi. Na siku ya kukabidhi mzigo, usitegemee ujumbe ulioonyeshwa kwenye simu ya mteja. Angalia salio lako mwenyewe kwanza. Nambari yako ya siri ni yako peke yako. Hakuna mteja anayeihitaji ili akulipe.

Kwa hivyo ujumbe ujao ukiingia jioni, usikimbilie bei. Jibu kwa swali: "Ni wa nani, na ana miaka mingapi?"