Kuchagua Jaketi Okozi kwa Safari Ndefu za Ziwa Tanganyika

Msafiri anayeondoka mwalo wa Kibirizi kwenda Kagunga, au anayeelekea kusini hadi Kalya, hukaa kwenye boti kwa saa nyingi. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu na mawimbi hupanda. Chombo kikipinduka, msaada unaweza kuchelewa. Kwa sababu hiyo tunamshauri mnunuzi asiulize tu kama jaketi linaelea, bali litamweleza kwa muda gani, na uso wake ukielekea wapi.

Jibu la kwanza limo kwenye lebo ya ndani. Majaketi yaliyotengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 12402 huonyesha nguvu ya kueleza kwa nyutoni. Nyutoni 10 ni karibu sawa na kunyanyua kilo 1. Jaketi la 50 limekusudiwa mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Halikutengenezwa kumgeuza chali mtu aliyezirai. La 100 linafaa maji yaliyotulia, na la 150 maji ya wazi yenye mawimbi. Kwa safari tulizozitaja, 150 ndilo chaguo letu. Chini ya 100 usinunue. Rangi ya chungwa peke yake si ushahidi wa lolote.

Yapo pia majaketi ya kujazwa gesi, mepesi na yasiyobana. Mtungi wake mdogo ukishatumika hubadilishwa, na jaketi huhitaji kukaguliwa mara kwa mara. Kama huna uhakika wa kupata mtungi mwingine, chukua la povu gumu. Libonyeze: povu zuri hurudi upesi na halinywi maji. Tahadhari na majaketi yaliyoshonwa kwa sponji ya godoro, kwani sponji hiyo hulowa na kuwa mzigo. Vivyo hivyo, jaketi lililokaliwa kama mto miezi mingi povu lake hubanwa na kupoteza nguvu.

Ukubwa hufuata uzito wa mwili. Mzazi anayemnunulia mtoto jaketi kubwa ili alikulie anamhatarisha, maana mtoto huteleza na kutoka kwa chini. Funga mikanda yote, kisha mwambie mtu akuinue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, halikufai. La mtoto liwe na ukosi wa kushikilia kichwa na mkanda unaopita kati ya mapaja.

Kabla ya safari ya kwanza, lijaribu kwenye maji yanayofika kifuani, mwenzako akiwa kando. Lala chali bila kupiga miguu. Mdomo ukibaki juu ya maji, lianike kivulini, funga filimbi kwenye kamba yake, na siku ya safari livae kabla boti haijaondoka mwaloni.