Kibibi Mgeni: Kuzidi na Kupungua Kwake

Wengi wetu twamjua kibibi, yule mdudu mdogo wa mviringo, mwekundu au wa manjano, mwenye madoa meusi mgongoni. Wakulima humpenda kwa kuwa hula vidukari, wadudu wafyonzao utomvu wa mimea. Leo napenda kuwaeleza habari za kibibi mmoja wa asili ya Asia, ambaye wataalamu humwita Harmonia axyridis.

Mwaka 1916 aliletwa California, Marekani, ili ale vidukari. Hakustawi upesi, lakini mwaka 1988 alionekana Louisiana akizaa mwenyewe porini. Ulaya nako alitumiwa na wakulima, na mwaka 2004 akaonekana Uingereza.

Huko Uingereza idadi yake hufuata majira. Mwezi wa Machi na Aprili, baridi ipunguapo, wale waliosalia hutoka mafichoni. Hutafuta vidukari, kisha hutaga mayai ya manjano chini ya majani, ishirini au thelathini mahali pamoja. Kukiwa na joto la kutosha, yai huchukua kama mwezi mmoja hivi kuwa buu, na buu kuwa mdudu mzima. Kwa hiyo kizazi cha kwanza huwahi kuzaa cha pili mwaka ule ule.

Natufanye hesabu ya mfano. Tuseme majike 10 wamepona baridi, na kila jike apate watoto 20 waishio. Hao ni 200. Nusu yao wakiwa majike, nao wakizaa vivyo hivyo, tutapata 2,000. Ndiyo maana Septemba na Oktoba huonekana makundi makubwa yakiingia nyumbani mwa watu, katika dari na pembe za madirisha. Humo hukaa bila kuzaa, na wengi hufa kabla baridi haijaisha.

Hasara yake ni nini? Vidukari wakiadimika, mgeni huyu hula mayai na mabuu ya vibibi wenyeji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika miaka mitano tangu afike, kibibi mwenye madoa mawili alipungua kwa 44 katika kila 100 huko Uingereza, na 30 katika kila 100 huko Ubelgiji. Basi aliyeletwa kuwa msaidizi aligeuka kuwa mharibifu.

Hapa pana fundisho kubwa. Mtu ahesabuye Aprili, kisha Oktoba, atadhani nchi imevamiwa. Na ahesabuye Oktoba, kisha Aprili, atadhani adui amekwisha. Wote wawili wamedanganyika. Yafaa tulinganishe Aprili na Aprili, Oktoba na Oktoba, kwa miaka mingi.

Jambo hili latuhusu sisi pia, maana mwaka 2011 ilichapishwa taarifa kwamba mdudu huyu amepatikana Kenya. Kwetu hakuna theluji. Majira yetu ni ya mvua na kiangazi, kwa hiyo kalenda ya Ulaya haitatufaa. Nashauri kila darasa lichague sehemu moja ya bustani ya shule, lihesabu vibibi na vidukari kila mwezi, na kuandika daftarini tarehe, mmea na hali ya mvua. Tusipojua leo tunao vibibi wangapi, kesho hatutajua tumepoteza wangapi.